Chungu Tunakipenda, Mfinyanzi Tunamkataa

Tuulizane neno moja. Maharagwe yakiivia ndani ya chungu cha udongo, nani kati yetu atakataa kukula? Mama wengi watakuambia utamu wake si wa sufuria. Na maji ya mtungi yanakaa baridi hata jua likiwaka sana, kwa maana maji kidogo yanapenya udongo, yanakauka inje na kuondoa joto. Lakini aliyefinyanga chungu hicho ni nani? Katika Burundi, Rwanda na sehemu nyingi za Kivu, tangu zamani kazi hiyo inajulikana kuwa kazi ya Batwa.

Kazi ya mikono

Mfinyanzi anachimba udongo kwenye mabonde yenye maji. Anauponda, anatoa vijiwe, anaukanda. Hana mashine ya kuzungusha. Anaviringisha udongo kama kamba, anaupandisha duara juu ya duara, kisha anaulainisha kwa mkono. Kwa mapambo anabingirisha kamba ya majani iliyosokotwa, nayo inaacha alama. Chungu kinakauka polepole, halafu kinachomwa inje kwa majani na kuni. Kikipasuka ndani ya moto, kazi ya siku nyingi imepotea.

Zamani chungu kilibadilishwa kwa chakula. Kumbe, mahali pengi, mwenye kukinunua hakukubali kunywa pamoja na aliyekifinyanga! Watu walizunguka mtungi mmoja, kila mtu na mrija wake, lakini Mtwa alipewa chombo chake pembeni. Kazi ya mikono yake waliigusa kwa midomo kila siku. Kikombe chake walikikimbia.

Si kwetu tu

Tusafiri kidogo, mbali sana, mpaka Japani. Kule kuna desturi ya heshima kubwa: wageni wanaingia katika chumba kidogo, mwenyeji anawatengenezea chai ya unga wa kijani kwa utulivu, na mara nyingine bakuli moja linapita toka mkono mpaka mkono. Zamani wakubwa walipenda vyombo laini vya China. Kisha walimu wa chai, na Sen no Rikyū (1522–1591) ndiye aliyejulikana zaidi, walifundisha kupenda vyombo vya kawaida. Wakapenda sana mabakuli ya Korea, yasiyo na mapambo, hata yaliyopinda kidogo. Bakuli moja la namna hiyo, liitwalo Kizaemon, liko Kyoto katika hekalu la Daitoku-ji, na serikali imeliandika kuwa hazina ya taifa.

Na wafinyanzi wa Korea, je? Kati ya 1592 na 1598, majeshi ya Japani yaliishambulia Korea mara mbili. Wakubwa wa vita walirudi na wafinyanzi kama mateka. Wakawaweka katika maeneo kama Hagi, Arita na Satsuma, wakawafanyisha kazi. Wengi hawakuona kwao tena. Mikono yao ilijenga ufinyanzi ambao Japani inajivunia mpaka leo. Watu wengine huita vita vile vita vya ufinyanzi.

Mnaona, ndugu? Bakuli linapewa heshima ya mfalme, aliyelifinyanga anafungwa kamba.

Leo hali iko namna gani?

Kwetu bidoni za plastiki na sufuria za aluminiamu zimepunguza soko la vyungu. Huko Rwanda mabonde mengi yaligeuzwa mashamba, wafinyanzi wakakosa udongo. Na hapa Kivu ya Kusini, Batwa wengi walifukuzwa katika pori la Kahuzi-Biega, lililofanywa mbuga ya taifa mwaka 1970 na kupanuliwa mwaka 1975. Mtu amekosa pori, amekosa udongo, amekosa mnunuzi. Atakula nini?

Kongo ilitoa sheria tarehe 15 Julai 2022 ya kulinda haki za Wapigme wenyeji. Ni jambo jema. Lakini sheria haiwezi kumkaribisha jirani mezani. Hiyo ni kazi ya nyumba kwa nyumba.

Sisi tunaoishi kwenye migodi tungepaswa kuelewa mbele ya wengine. Dhahabu inavaliwa kwenye arusi za matajiri, lakini kijana aliyeitoa shimoni anaitwa mchafu. Maneno hayo yanatuuma. Basi tusimfanyie mfinyanzi yale tunayochukia kufanyiwa. Ukinunua chungu, lipa bei yake bila kumnyanyasa mama wa watu. Muulize jina lake. Mtoto wake akija kucheza, mpe maji katika kikombe kile kile cha watoto wako. Na arusi ikifika, mtu huyo awe kati ya waalikwa, si mleta vyungu tu.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Je, nyumbani kwetu kuna sahani au kikombe cha “watu fulani”? Juu ya nini?

2. Vijana: ni kazi gani mnaicheka, huku mnatumia matunda yake kila siku?

3. Wazazi: watoto wetu wamesikia kutoka kwetu maneno gani juu ya Batwa?