Mgeni Anayepanda Mlimani Kusaidia

Wazee wetu husema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini mgeni akija na jembe lake begani, akitaka kulima siku ile ile ya kwanza, tufanyeje? Tumwache alime popote, ama tumwonyeshe kwanza mipaka ya shamba?

Tunayafikiri hayo tunapowatazama wanafunzi wa Ulaya, Marekani na Australia waendao Nepal, nchi ya milima mirefu kati ya Uhindi na China. Hukaa huko majuma machache, wakijitolea kufundisha au kujenga, na kujifunza desturi za wenyeji. Nia yao ni njema. Lakini nia njema peke yake haitoshi.

Tuanze na mfano mzuri. Tarehe 29 Mei 1953, Edmund Hillary wa New Zealand na Tenzing Norgay, Msherpa, walifika kilele cha Everest, mlima unaopita yote duniani kwa urefu. Washerpa hukaa chini ya mlima ule, wakilima viazi na kufuga yak, ng'ombe wa manyoya marefu. Hillary aliporudi kwao hakuwachagulia msaada, aliwauliza. Wakaomba shule. Basi mwaka 1961 shule ilifunguliwa katika kijiji cha Khumjung, karibu meta 3,800 juu ya bahari. Mmoja wa wanafunzi wake wa kwanza, Mingma Norbu Sherpa, baadaye alikuwa msimamizi wa mbuga ya Sagarmatha, katika nchi ya wazee wake.

Sasa tutazame upande wa pili. Wakati wa vita vya ndani, toka 1996 hata 2006, wazazi wengi wa milimani, kama wale wa Humla, waliwatoa watoto wao kwa watu walioahidi kuwasomesha mjini. Watoto wengi walipofika Kathmandu wakawekwa katika nyumba zilizoitwa za mayatima, hali baba na mama wangali hai. Kwa sababu gani? Wageni wanaokuja kucheza na watoto huleta fedha. Nyumba ikiwa tupu, fedha haziji. Hivyo mwanafunzi mwenye huruma, bila kujua, aliwalipa wale waliomtenga mtoto na mama yake. Naye mtoto alimzoea mgeni huyo, na baada ya majuma machache akaachwa tena.

Basi, mwenye kutaka kusaidia aulize kwanza. Je, mtoto huyu ana wazazi? Je, kazi hii hakuna fundi wa kijiji awezaye kuifanya na kupata mshahara wake? Wenyeji wenyewe wanaomba nini? Tena ajifunze: kuamkia kwa viganja viwili vilivyounganishwa, kula kwa mkono wa kuume, na kupita kando ya kuta za mawe yaliyochorwa sala akiziacha kuumeni kwake, kama wafanyavyo Washerpa. Mambo hayo ni madogo, lakini mwenyeji akiyaona hujua kwamba mgeni huyu atasikiliza.

Nanyi vijana wetu, pengine hamtafika Nepal kamwe. Lakini likizo ikija, mtapanda kwenda vijiji vya mbali kufundisha au kujenga. Kabla ya kushika jembe, ketini kwanza na wazee wa mahali pale, mkawaulize.