Kaya ya Mekatilili

Mtu wa pwani akifika Kehancha, kwa Wakuria, hujiona yu mbali mno na kwao. Basi na amkumbuke mama wa Kigiriama, Mekatilili wa Menza. Mwaka 1913 Mwingereza alimhamishia Kisii, kaskazini ya hapo. Kosa lake? Aliwaapisha wanawake kiapo cha mukushekushe, wasimpe mkoloni kodi wala vijana wa kazi. Januari 1914 alitoroka, akarudi kwao kwa miguu!

Agosti mwaka huo serikali ikailipua kwa baruti Kaya Fungo, makao matakatifu ya Wagiriama ambako viapo vilikuwa vikiliwa. Mama akakamatwa tena. Lakini aliporejea mwaka 1919 aliingia kaya ile ile, akaongoza baraza la wanawake.

Leo hapana jumba la mawe humo, wala kitanda chake cha kuonyesha wageni. Ni msitu, na wazee wanaoulinda. Mwaka 2008 UNESCO iliuingiza katika urithi wa dunia pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda.

Sisi majirani twapita njia ya Malindi kila siku bila kuuliza. Anayetaka kuizuru nyumba ya mama huyu na aende, ila apige hodi kwa wazee kwanza.