Chumba cha Sigara Hakimlindi Mhudumu

Katika baa nyingi za Migori na Homa Bay, kibandiko cha kukataza sigara kimo ukutani na chini yake mteja anawasha ya pili. Mwenye baa anaona, askari aliyekuja kupumzisha akili anaona, na mara nyingi mhudumu ndiye anayeletewa noti akanunue sigara moja nje, ingawa kuuza moja moja nako ni kosa. Anayevuta humo anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 50,000, au kufungwa hadi miezi sita, au vyote viwili. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya Kenya ilipitishwa mwaka 2007, ikaanza kutumika Julai 2008, na baa na hoteli zimetajwa humo waziwazi. Lakini uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2014 kuhusu matumizi ya tumbaku ulionyesha kwamba zaidi ya watu wanane katika kila kumi waliokwenda baa walikumbana na moshi wa wengine.

Sehemu ya tatizo ni kwamba tumeielewa sheria hii vibaya. Tunadhani inamfuata mvutaji, kwamba serikali inamchunga mtu mzima kama mtoto. Mvutaji ana miguu, anaweza kutoka nje akavute na kurudi. Anayelindwa ni yule asiyeweza kutoka: msichana anayebeba chupa tangu saa kumi na moja jioni, keshia aliye nyuma ya wavu wa kaunta, mwimbaji wa ohangla anayevuta pumzi ndefu katikati ya ukumbi usiku kucha. Kwao baa ni mahali pa kazi.

Sasa tuutazame moshi wenyewe. Sigara iliyoachwa kwenye kisahani cha majivu haijatulia. Ncha yake inaungua kwa joto la chini kuliko inapovutwa, na tumbaku inayoungua hivyo hutoa sumu nyingi zaidi kwa uzito uleule. Moshi huo haujapita kwenye kichungi wala kwenye mapafu ya mtu yeyote, na ndio unaojaza chumba kwa sehemu kubwa. Ndani yake mna kemikali zaidi ya 7,000, zikiwemo zisizopungua 69 zinazojulikana kusababisha saratani. Chembe zake ni ndogo mno, chini ya maikromita 2.5, kwa hiyo hazitui sakafuni upesi kama vumbi la barabarani. Huelea kwa saa nyingi na kufika ndani kabisa ya mapafu. Moyo nao haungoji miaka. Nusu saa tu ya moshi huo huanza kuathiri jinsi mishipa ya damu inavyotanuka.

Habari njema ni kwamba mwili husamehe haraka. Jimbo la California lilipopiga marufuku sigara katika baa Januari 1998, watafiti waliwapima wahudumu 53 wa kaunta mjini San Francisco, kabla ya marufuku na wiki chache baadaye. Kati ya 39 waliokuwa na kikohozi, kukorota kifuani au matatizo mengine ya kupumua, 23 hawakuwa nayo tena. Baadhi yao walikuwa wavutaji wenyewe.

Kwa nini basi hapa kwetu hali ni ileile? Utekelezaji hafifu ni sababu moja, lakini sheria yenyewe ina tundu. Inamruhusu mwenye biashara kutenga eneo la wavutaji. Kwenye karatasi eneo hilo limetenganishwa na wengine na lina hewa ya kutosha. Ukifika unakuta kibanda cha mabati kando ya choo, mlango umeegemezwa kreti ili mhudumu apite na trei, na feni inayosukuma moshi kuelekea ukumbini. Anayekaanga omena jikoni hahitaji kuwatangazia majirani, na moshi wa sigara una tabia hiyohiyo. Chama cha wahandisi wa hewa cha Marekani, ASHRAE, kilisema mwaka 2005 kwamba hakuna mtambo wa hewa unaoondoa hatari hiyo. Dawa ni kutovuta kabisa ndani ya jengo. Na hata chumba kingezibwa kama friji, bado kuna mtu atakayeingia kukusanya chupa na kumwaga majivu.

Ireland ililifunga tundu hili Machi 2004. Jirani zetu Waganda nao, kwa sheria yao ya mwaka 2015, walikataa vyumba vya wavutaji na kupiga marufuku kuvuta ndani ya mita 50 kutoka maeneo ya umma. Kampuni ya tumbaku ilikwenda mahakamani kupinga sheria hiyo, ikashindwa.

Wenye baa huogopa kupoteza wateja. Mapitio ya tafiti 97 yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha kwamba zile zilizotumia takwimu halisi za mauzo na kodi hazikuona hasara. Zilizodai hasara kwa wingi zilikuwa na mkono wa kampuni za tumbaku.

Migori kuna hoja nyingine, na haifai kudharauliwa: tumbaku ni karo ya watoto wa watu wa Kuria na Uriri. Ila mkulima wa mkataba hulipwa kulingana na gredi ya majani atakayopewa siku ya kuuza, baada ya kukatwa mkopo wa mbolea na dawa. Kisahani cha majivu katika baa ya mjini hakiingii kwenye hesabu hiyo. Kinachomuumiza ni kuni za kukaushia, na nikotini inayopenya ngozi anapochuma majani mabichi yenye umande, akapata kizunguzungu na kutapika. Ndiyo maana mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani, Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) na Mpango wa Chakula Duniani, pamoja na serikali, walianza Migori mradi wa kuwasaidia wakulima kuhamia maharagwe yenye madini mengi ya chuma.

Tukirudi baa, siamini tunahitaji msako wa polisi. Msako huzaa hongo zaidi ya hewa safi. Katiba ya 2010 imezikabidhi kaunti udhibiti wa uchafuzi wa hewa na pia utoaji wa leseni za pombe, na hapo ndipo penye nguvu. Kila mwenye baa anazijua saa za kuuza pombe za ile sheria iitwayo ya Mututho kwa sababu leseni yake imefungwa nazo. Leseni hiyo huja kufanywa upya, na afisa wa afya ya umma hufika kukagua choo, maji na jikoni. Aongeze jambo moja kwenye fomu: aingie ukumbini saa mbili usiku badala ya saa nne asubuhi. Akikuta visahani vya majivu mezani, fomu isisainiwe.