Pori ni la nani? Wakristo na ulinzi wa miombo ya Katanga

Padri anayezunguka vijiji vya kando ya Lubumbashi hukutana mara nyingi na ulizo hili: "Padri, wakubwa wanatukataza kukata miti, lakini watoto wetu wanahitaji kula na kusoma. Tufanye nini?" Ulizo hilo si dogo. Linagusa haki ya maskini, linagusa mali ya wote, na linagusa hata imani yetu kwa Mungu Muumba. Mseminari asiyejitayarisha kulijibu atajibu kwa maneno matupu siku atakapotumwa huko.

Katika andiko hili tunataka kueleza neno moja: pori halitalindwa kwa makatazo ya Leta peke yake, wala kwa walinzi wenye bunduki peke yao. Litalindwa pale ambapo watu wanaoishi kwa pori hilo wana haki juu yake, wana mapatano kati yao, na wana nguvu ya kushika mapatano hayo.

I. Pori letu ni pori la namna gani?

Pori linalozunguka Lubumbashi linaitwa miombo. Linaenea toka Angola, linapita katika Katanga na Zambia, mpaka Tanzania na Msumbiji. Miti yake wasomaji wetu wanaijua kwa majina: muputu, mutondo, mulombwa, musuku. Mvua inanyesha toka mwezi wa kumi na moja mpaka wa tatu au wa nne. Kisha unakuja ukame mrefu, na moto unapita majanini.

Mtu wa mji akitazama pori hilo anaona kuni tu. Mtu wa kijiji anaona ghala. Mvua zikianza, wamama wanaokota uyoga. Kwa wakati wake wanakusanya finkubala, ambazo ni kitoweo na tena ni pesa za kulipia masomo ya watoto. Yako masuku, iko asali, ziko dawa za mizizi na maganda. Iko nyama ya pori, ambayo inajificha na kuzaa pale penye kivuli na maji. Miti ikiisha, finkubala hazina jani la kula, nyuki hawana ua, swala hana maficho, na kijito kinakauka mapema kuliko zamani. Kwa hiyo mtu asiseme kwamba kulinda wanyama ni kazi ya wageni na kulinda watu ni kazi yetu. Porini mambo hayo mawili ni jambo moja.

Jambo lingine linatupa tumaini. Miti mingi ya miombo haifi ikikatwa. Shina linatoa machipukizi, na mizizi inatoa machipukizi pia. Usipong'oa shina, usipolima pale, na usipoacha moto mkali kupita, pori linarudi, ingawa linahitaji miaka mingi. Adui mkubwa wa machipukizi ni moto wa mwisho wa ukame. Huko Ndola, ng'ambo ya mpaka wetu na Zambia, watu wa elimu walianza kupima neno hilo katika miaka ya 1930. Sehemu moja ya pori waliichoma kila mwaka mwishoni mwa ukame, majani yakiwa makavu kabisa. Nyingine waliichoma mapema, majani yakiwa bado na unyevu. Na nyingine waliikinga na moto kabisa. Pale penye moto wa mwisho, miti ilikwisha karibu yote, majani yakashika mahali pake. Pale penye moto wa mapema, miti iliendelea. Pale pasipo moto, pori lilizidi kuwa zito. Basi hata tarehe ya kuwasha kiberiti inaweza kuponya pori au kuliua.

II. Nani anamaliza pori?

Watu wengi wanajibu upesi: wachoma makala. Ni kweli kwamba Lubumbashi inapika kwa makala. Umeme haufiki katika nyumba nyingi, na pale unapofika unakatika mara nyingi. Kila asubuhi watu wanasukuma kinga zilizolemea mifuko. Tena tanuru ya udongo inakula kuni nyingi mno: kuni kavu za kilo 100 zinatoa makala ya kilo 10 mpaka 20 tu. Maana yake, mfuko mmoja wa kilo 50 umekula kuni za kilo 250 au hata 500.

Lakini tuhukumu kwa haki. Anayechoma anachomea nani? Anachomea mbabula zetu, mbabula za mapadri, za masista, za walimu na za seminari. Dhambi haianzi porini na kuishia porini. Tena mchoma makala si mharibifu peke yake. Tanuru kubwa la shaba lilianza kazi hapa mwaka 1911, na moshi wake uliua miti na kuchafua udongo upande wa kaskazini magharibi. Mahali pengine paliachwa wazi pasipo kitu. Migodi mipya inafungua mapori kila mwaka. Na baada ya mwaka 2010 walikuja wafanyabiashara wa mukula, mti mwekundu unaotafutwa sana huko China. Magari makubwa yaliondoka yamejaa, wanakijiji wakabaki na pesa kidogo na mashina. Mwaka 2019 mataifa yalikubaliana, katika mapatano yanayoitwa CITES, kwamba biashara ya mti huo kati ya inchi na inchi iwe chini ya ruhusa; lakini mahali pengi ulikuwa umekwisha kukatwa.

Kwa nini wanakijiji hawakuzuia? Wengi hawakuona kwamba wana haki ya kuzuia. Mtu akisema, "Pori ni la Leta," anasema pia moyoni, "Basi si langu, nikikuta mti leo niukate, kwa maana kesho mwingine ataukata." Hilo ndilo shina la ugonjwa.

III. Makatazo yasiyo na watu

Inchi yetu ina hifadhi za zamani. Upemba iliwekwa mwaka 1939, na Kundelungu mwaka 1970. Hifadhi hizo zina kazi kubwa: huko Upemba ndiko wamebaki punda milia wa Kongo. Walinzi wengine wameuawa kazini, nasi tunapaswa kuwaombea. Lakini mahali pengi mipaka ilipigwa bila kuuliza wenye inchi. Huko Kivu, hifadhi ya Kahuzi-Biega iliwekwa mwaka 1970, ikapanuliwa mwaka 1975, na Wabatwa walitolewa msituni mwao. Uchungu huo haujakwisha hata leo, na msitu wenyewe haukupata amani.

Tulinganishe na mifano miwili mingine ya Kivu. Mwaka 1998, huko Tayna katika Kivu ya Kaskazini, wakubwa wa mila wenyewe waliafikiana kutenga msitu wao kwa ajili ya gorila. Leta ikaikubali hifadhi hiyo mwaka 2006. Mwaka huo huo wa 2006 Leta iliandika hifadhi ya Itombwe, katika Kivu ya Kusini, bila kupatana kwanza na wenyeji. Wenyeji walikataa. Ilihitaji miaka kumi ya mikutano, kijiji kwa kijiji, mpaka mwaka 2016 mipaka ikaandikwa upya pamoja nao. Fundisho ni wazi: anayeruka mkutano wa wenyeji mwanzoni ataurudia baadaye, kwa taabu kubwa zaidi.

IV. Haki ambayo wengi hawaijui

Sheria ya misitu ya tarehe 29 mwezi wa nane 2002, katika sehemu yake ya 22, inasema kwamba jumuiya ya wenyeji inaweza kuomba na kupewa msitu inaoushika kwa desturi ya mababu. Mwaka 2014 amri ya Leta ilieleza namna ya kuomba, na mwaka 2016 waziri alieleza namna ya kutunza. Wakatekista wetu wayashike haya:

Kwanza, msitu huo unatolewa bure na kwa daima. Eneo lake lisipite hekta 50.000.

Pili, jumuiya yenyewe ndiyo inayoomba, baada ya kukutana na kupatana. Ramani inachorwa pamoja na wenyeji, na jirani wanaulizwa juu ya mipaka. Gavana wa provinsi ndiye anayetia sahihi.

Tatu, jumuiya inatunza msitu kwa vyombo vinne: mkutano wa wote, kamati ya kazi, kamati ya kukagua, na baraza la wazee. Anayefanya kazi hajikagui mwenyewe. Hilo ni neno la hekima hata kwa parokia zetu.

Nne, msitu huo si wa kufungwa. Watu wanaweza kukata, kuchoma makala, kuwinda na kuokota kwa kufuata mpango walioandika, na kutenga sehemu ya kupumzisha wanyama na miti.

Katika Haut-Katanga viko vijiji vilivyokwisha kupata misitu yao kwa njia hiyo. Shirika la FAO limesaidia kazi hiyo katika miombo. Lakini karatasi peke yake haiponyi. Mkubwa mmoja akiishika mkononi mwake, akaweka ndugu zake katika kamati, akapokea pesa za wanunuzi usiku, pori litakwisha kwa ruhusa yenye sahihi. Na wamama wakiachwa nje ya mkutano, wale wanaojua zaidi mahali pa uyoga na pa finkubala hawatasikiwa.

V. Mila na Torati

Mtu asidhani kwamba mambo haya ni mapya. Mababu walikuwa na miiko ya misitu penye makaburi ya masultani na penye chemchemi. Huko Kopa, katika Zambia, Wabisa wana desturi juu ya finkubala: ziko siku za kuanza kukusanya na siku za kuacha, na miti yake inakingwa na moto wa mwisho wa ukame. Si kila mila ni ya kusifu, na hofu ya mizimu si imani yetu. Lakini ndani ya ganda hilo iko mbegu njema: mtu asichukue vyote leo.

Mbegu hiyo hiyo tunaikuta katika Maandiko. Mungu alimweka mtu bustanini ailime na kuitunza pia (Mwa 2, 15). Katika Kumbukumbu la Sheria, anayekuta kiota anaweza kuchukua makinda, lakini amwache mama aende (22, 6-7). Na hata wakati wa vita askari wanakatazwa kukata miti ya matunda (20, 19). Torati haikatazi kula, inakataza kumaliza. Na mwaka 2015 Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake Laudato Si', alifundisha kwamba taabu ya maskini na taabu ya viumbe ni jambo moja, wala hatuwezi kuponya moja na kuacha nyingine.

VI. Yatupasa kufanya nini?

Padri si bwana misitu, wala asijifanye sultani. Lakini yako mambo ambayo yanamwangukia yeye na wasaidizi wake.

Katekista anajua kusoma na kuandika, na watu wanamwamini. Awasomee watu sheria hiyo kwa lugha yao, aandike maneno ya mkutano bila kugeuza, na kuhakikisha wamama na vijana wamesema. Asikubali kuwa mweka pesa na mkaguzi pamoja.

Jumuiya ndogo za wakristo zianze kwa mapatano machache yanayoweza kushikwa: kuchoma majani mapema, kwa siku moja iliyokubaliwa, kukata bila kung'oa shina, kuacha miti mikubwa ya mbegu, kutokuangusha mti kwa ajili ya finkubala, kutokuwinda wakati wanyama wanazaa. Mapatano matano yanayoshikwa yanapita hamsini yaliyobandikwa ukutani.

Seminari, mashule na nyumba za watawa zianze kwao. Mbabula yenye udongo ndani inakula makala kidogo kuliko ile ya chuma tupu. Na pale misioni ina ardhi, ipande miti ya kuni. Huko Mampu, katika uwanda wa Bateke upande wa Kinshasa, karibu hekta 8.000 za akasia zilipandwa kati ya 1987 na 1993. Jamaa zaidi ya 300 walipata kila mmoja hekta 25, wanalima mihogo na kuchoma makala katika miti waliyoipanda wenyewe. Kazi hiyo inaonyesha kwamba mji unaweza kupika bila kumaliza pori la asili.

Na katika kiti cha kitubio, tusimlemee mchoma makala maskini kuliko tajiri aliyenunua magari mazima ya mukula. Mmoja alikata apate kula. Mwingine alikata apate kuzidi.

Tumerudi kwa ulizo la mwanzo. Yule anayesema, "Padri, tufanye nini?" asijibiwe kwa katazo la pili juu ya lile la kwanza. Tumwambie: iteni mkutano, tambueni mipaka yenu, ombeni haki yenu, kisha wekeni mapatano nanyi wenyewe mkayashike. Pori ni la Mungu. Amelitia mikononi mwa watu wote wa kijiji, na wa wale watakaozaliwa. Mikono hiyo inaweza kulitunza ikishikana.