Ukungu wa bia una gharama yake sokoni

KASENSE, Sumbawanga – Mfanyabiashara anayetaka kuweka mtaji wake katika vinywaji kwenye kata hii ya Manispaa ya Sumbawanga ana njia mbili mbele yake. Ya kwanza ni kupakia kreti za bia ya chupa, iliyochujwa, inayong'aa na yenye uchungu. Ya pili ni pombe ya ulezi, nzito na yenye machicha, aina ya kimpumu inayojulikana sana katika mikoa ya Rukwa na Songwe.

Njia ya pili inaanza kwa mtaji mdogo na malighafi yake inalimwa hapa hapa Ufipa. Kwa sababu hiyo wengi huiona nyepesi. Hata hivyo, bei ya kununulia haimalizi hesabu ya soko. Swali linaloamua ni hili: kinywaji kitakaa siku ngapi kabla ya kuharibika?

Swali hilo haliko Ufipa peke yake. Marekani nako, kwa zaidi ya miaka kumi, viwanda vidogo vya bia vimekuwa vikishindana kutengeneza bia zenye ukungu, huku wanywaji wengine wakishikilia kwamba bia nzuri ni ile angavu na chungu. Ukiondoa mambo ya mtindo, pande zote mbili zinagombania jambo lile lile linalomkabili mwenye kilabu cha pombe Kasense.

UKUNGU UNATOKA WAPI

Pombe ya ulezi huanza na kimea. Nafaka hulowekwa, huachwa iote, huanikwa juani na kusagwa. Kimea hicho huchanganywa na uji wa unga, na hamira hugeuza sukari kuwa kileo. Wakati huo huo vijidudu vya uchachu hufanya kazi yao, na ndivyo vinavyoipa pombe ladha yake ya ukali.

Kazi hiyo haisimami pombe inapoanza kuuzwa. Wanga, hamira na vijidudu vyote vimo ndani ya chombo, na ndivyo vinavyoonekana kama ukungu na machicha. Leo pombe ni tamu, kesho imekolea, keshokutwa inaelekea kuwa siki. Baridi ya nyanda za juu za Ufipa hupunguza kasi hiyo, lakini haiizuii.

Bia ya kiwandani hupitia njia nyingine. Baada ya kuchacha huhifadhiwa kwenye baridi ili hamira izame, kisha huchujwa, na kwa kawaida hupashwa joto ili kuua vijidudu vilivyobaki. Ndiyo maana chupa hukaa miezi kadhaa dukani bila kubadilika sana.

UCHUNGU NI MLINZI

Uchungu wa bia hutoka kwenye maua ya mmea uitwao hopsi. Mnywaji huona ni ladha tu, lakini kwa mtengenezaji ni ulinzi, kwani tindikali za hopsi huzuia vijidudu vingi vya uchachu visizaliane. Kwa kipimo cha uchungu kinachotumika viwandani, bia nyingi za lager huwa kati ya 10 na 25. Bia ya aina ya India Pale Ale, ambayo wanywaji huiita IPA, huanzia kama 40 na kufika 70 au zaidi.

IPA yenyewe ilikua kutokana na biashara ya masafa. Mwishoni mwa karne ya 18 kiwanda cha George Hodgson, kilichokuwa Bow, London, kilikuwa kikiuza bia kwa mabaharia waliokwenda India. Safari ilichukua miezi kadhaa na kupita maeneo ya joto. Bia iliyotiwa hopsi nyingi ilifika ikiwa hai na imetulia. Kuanzia miaka ya 1820 viwanda vya mji wa Burton viliingia katika soko hilo. Kwa hiyo uchungu ulilipiwa kwa sababu uliiwezesha bia kusafiri na kusubiri.

MTINDO WA MAREKANI

Bia za ukungu zilipata nguvu kutoka jimbo la Vermont, ambako kiwanda cha The Alchemist kilianza kuuza bia yake ya Heady Topper katika makopo mwaka 2011. Watengenezaji walioufuata mkondo huo waliongeza oti na ngano, wakapunguza uchungu, wakatia hopsi nyingi mwishoni ili kupata harufu ya matunda. Mwaka 2018 chama cha watengenezaji wadogo cha nchi hiyo, Brewers Association, kiliziingiza rasmi katika orodha yake ya aina za bia.

Bia hizo ziliuzwa kwa bei kubwa, lakini zilikuja na masharti. Hewa kidogo tu ikiingia, rangi hugeuka kuwa ya giza na harufu hupotea. Hutakiwa kuwekwa kwenye baridi muda wote na kunywewa ndani ya majuma machache. Muuzaji asiye na wanywaji wengi hubaki na kopo la bei mbaya ambalo hakuna anayelitaka.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana haraka. Katika bia angavu, ukungu ni dalili ya kasoro. Mteja huinua chupa kwenye mwanga na kuamua. Katika bia ya ukungu kipimo hicho hakipo, kwani nzuri na mbovu zinafanana mpaka zionjwe. Soko ambalo mnunuzi hawezi kukagua mali humfanya amtegemee muuzaji anayemfahamu. Ndiyo sababu mpika pombe mwenye jina kijijini huuza, na mgeni mwenye pombe ile ile hukaa nayo.

HESABU YA NDOO KUMI

Tuseme, kwa mfano tu, mtu amenunua ndoo kumi za lita 20 kwa shilingi 500 kila lita, naye anauza kwa shilingi 600. Mtaji ni shilingi 100,000. Akiuza zote lita 200 anapata shilingi 120,000, yaani faida ya shilingi 20,000.

Sasa mvua inyeshe siku ya pili na wanywaji wasije. Akimwaga lita 34 zilizochachuka, atakuwa ameuza lita 166 na kupata shilingi 99,600. Faida yote imekwisha na mtaji umepungua. Sehemu moja tu kati ya sita ya mali ndiyo iliyoamua.

Mwenye kreti akikosa wateja siku hiyo hiyo, fedha yake hulala lakini haimwagiki. Chupa zitauzwa juma lijalo. Hasara yake ni ya kuchelewa, pamoja na fedha iliyofungwa kwenye chupa tupu.

KUNUNUA SIKU

Wenye viwanda vya pombe nzito wanaijua hesabu hiyo. Chibuku, iliyoanzia Zambia katika miaka ya 1950, kwa muda mrefu imeuzwa ikiwa bado inachacha, na ilipaswa kuisha katika siku chache. Mwaka 2012 kampuni ya Delta ya Zimbabwe ilileta Chibuku Super, iliyopashwa joto na kufungwa kwenye chupa ya plastiki, inayokaa siku 21. Machicha yalibaki, lakini siku ziliongezeka. Hapo ndipo mitambo ilipogharimu.

Kwa mwekezaji mdogo anayefikiria kufunga kimpumu kwenye chupa na kuipeleka miji mingine, funzo liko wazi. Kufunga peke yake hakutoshi. Pombe inayochacha ndani ya chupa iliyozibwa hujaza gesi na inaweza kupasua chombo. Atakayeuza mbali lazima alipie joto, usafi na upimaji, au abaki karibu na wanywaji wake.

BARABARA NA USHURU

Bia angavu nayo haikosi hatari. Zamani gharama ya kuifikisha Sumbawanga ilikuwa kubwa. Mambo yalibadilika TBL ilipofungua kiwanda Mbeya mwishoni mwa miaka ya 2000, na barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga, yenye urefu wa zaidi ya kilometa 220, ilipowekwa lami katika muongo uliofuata.

Kinachobaki ni kodi. Mwaka 2021 Serikali ilipunguza ushuru wa bia iliyotengenezwa kwa shayiri ya hapa nchini kutoka shilingi 765 hadi 620 kwa lita. Nafuu ya namna hiyo inaweza kuondolewa. Kenya, bia ya bei nafuu ya Senator Keg iliyoanza mwaka 2004 iliporomoka kimauzo baada ya kutozwa ushuru mwaka 2013, na wakulima wa mtama wakaumia pamoja na kiwanda.

Wenye hisa za TBL, zilizoorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam tangu mwaka 1998, wana sababu ya kufuatilia hotuba ya bajeti kila Juni. Mpika kimpumu hufuatilia bei ya debe la ulezi.

LA KUFANYA

Asiye na wateja wa uhakika achague kinywaji kinachosubiri. Kreti ziwekwe kivulini na mahali pa baridi, kwani mwanga wa jua huigeuza harufu ya hopsi kuwa mbaya, na bia chungu ndiyo huumia zaidi. Tarehe ya mwisho isomwe kabla ya kupokea mzigo, na chupa yenye ukungu irudishwe.

Anayeuza pombe ya machicha anunue kwa kadiri ya wanywaji wa siku mbili, si wa juma zima. Faida yake iko katika kuzungusha mtaji upesi. Akijaribu kuulimbikiza, mali yake itageuka siki kabla ya kugeuka fedha.