Dawa, Sumu au Kiuatilifu? Istilahi za Wadudu wa Alizeti katika Bustani za Mwanza

Wafasiri wa maandishi ya kilimo, na walimu wasimamiao bustani za shule, hukutana mara kwa mara na agizo la namna hii: "Ukiona wadudu katika alizeti, piga dawa." Sentensi ni fupi, na kila mkazi wa Mwanza huielewa. Hata hivyo maneno yake mawili, wadudu na dawa, yametwishwa maana nyingi mno. Madhumuni ya makala haya ni kuyachunguza maneno hayo pamoja na mengine machache yanayoambatana nayo. Katika jambo hili istilahi isiyofaa haiishii kumpotezea mwanafunzi alama za mtihani. Yaweza kumfikisha mtu hospitali.

Tuanze na mdudu. Kandokando ya Ziwa Viktoria, hasa siku za mwezi mwandamo, mawingu ya vijidudu huinuka juu ya maji mfano wa moshi, kisha upepo huyasukuma hadi kwenye taa za nyumba. Vijidudu hivyo haviumi wala haviharibu mazao. Nyuki naye ni mdudu, na alizeti humhitaji ili achavushe maua yake. Pasipo nyuki mbegu nyingi huwa mapepe. Kwa hiyo agizo la "kuua wadudu" bila ya kueleza zaidi ni agizo la kumwua mgeni mwema pamoja na mwizi. Neno visumbufu, ambalo limekwisha kuzoeleka katika maandishi ya kilimo, linafaa, ila lina upana wake: panya ni kisumbufu, na ndege alaye mbegu za alizeti ni kisumbufu vilevile. Palipo na haja ya kuwataja wadudu peke yao, yafaa kusema wadudu waharibifu.

Neno la pili lenye utata ni funza. Wakulima wa pamba wa Mwanza na Shinyanga wamemjua kwa muda mrefu funza wa vitumba, ambaye jina lake la kisayansi ni Helicoverpa armigera. Nondo wake huruka usiku na kutaga yai moja moja. Anayetoka katika yai hilo hutoboa kitumba cha pamba. Lakini ni yeye huyo huyo atoboaye nyanya, alaye mahindi machanga, na aingiaye katika kichwa cha alizeti kula maua na mbegu changa. Alizeti haina vitumba. Mwenye bustani akisoma kijitabu cha pamba hatatambua kwamba anayesimuliwa humo ndiye anayemwona nyuma ya nyumba yake, na huenda akanunua sumu nyingine, tena nyingine, kwa adui mmoja. Zaidi ya hayo, funza kwa watu wengi ni yule aingiaye miguuni, au yule aonekanaye katika nyama iliyooza. Kwa maoni yangu jina funza wa vitumba lisifutwe, maana limekwisha kukita mizizi. Bali mfasiri aongeze kwamba huyu ni kiwavi cha nondo, na aliandike jina la kisayansi mara moja mwanzoni. Sota, kiwavi akataye miche usiku na kujificha udongoni mchana, ana jina lake mwenyewe, nalo halina matata. Vidukari pia huitwa wadudu mafuta, kwa sababu ya utomvu mtamu wanaoupaka majani hata yakang'aa. Majina yote mawili ni mazuri, ila yasichanganywe katika ukurasa mmoja.

Sasa tuje kwenye dawa. Hatuwezi kuwalaumu watu kwa kulitumia, kwani Kiswahili kina dawa ya meno, dawa ya viatu na dawa ya mbu. Lakini dawa humkumbusha msikilizaji mgonjwa, kijiko na nafuu, na chupa ya dawa huhifadhiwa ndani ya nyumba. Ajabu ni kwamba kimiminiko kile kile hubadilika jina kikifika majini. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulisimamisha ununuzi wa samaki wa Ziwa Viktoria kutoka Kenya, Uganda na Tanzania, kwa sababu ya taarifa za wavuvi waliotumia kemikali za shambani kuwaua samaki. Biashara ya sangara ikayumba. Jambo hilo liliitwa, kwa haki kabisa, uvuvi wa sumu. Basi juu ya jani iliitwa dawa, na ndani ya samaki ikaitwa sumu.

Istilahi ya kati ni kiuatilifu: kitu kiuacho kile kinacholeta uharibifu, kwa kuwa tilifu ni neno lenye asili ya Kiarabu lihusulo kuharibika. Chini yake twapata kiuadudu, kiuagugu na kiuakuvu, kila moja likitaja kinachouawa. Serikali nayo imelikubali: chombo kinachosimamia bidhaa hizi, chini ya Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020, huitwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania. Ubaya wake ni kwamba neno hilo halimtishi mtu. Kwa hiyo katika maelekezo ya bustani napendekeza liandikwe kiuatilifu, na mara ya kwanza lifuatwe na maneno "yaani sumu". Rangi za utepe wa lebo nazo zielezwe: nyekundu ni kali kuliko zote, kisha njano, buluu, na kijani.

Dawa ina kasoro nyingine. Humfundisha mtu kungoja ugonjwa. Wakulima wa pamba wanatakiwa na sheria kung'oa na kuteketeza mashina baada ya mavuno, ili wadudu wasipate makao hadi msimu ufuatao. Mashina ya alizeti yastahili hivyo hivyo. Kazi hiyo, pamoja na kupalilia, kubadilisha mazao, kufukua udongo penye mche uliokatwa ili kumtoa sota, na kuokota viwavi kwa mkono kabla hawajaingia ndani ya kichwa, yote ni udhibiti, wala hakuna aiitaye dawa. Hata maji ya mbegu za mwarobaini zilizotwangwa na kulowekwa usiku kucha yanaua. Jina la mti, lenye sifa za kutibu, lisitusahaulishe.

Agizo la mwanzo, basi, laweza kuandikwa hivi: "Kagua alizeti kila baada ya siku chache. Okota viwavi kwa mkono. Ikiwa wamezidi, nyunyizia kiuadudu, yaani sumu, jioni nyuki wakiisha kurudi mzingani, wala usikimimine katika chupa ya kinywaji." Ni refu zaidi, lakini linatosha katika ubao wa shule. Na kwa kuwa kiuatilifu ki katika ngeli ya KI-VI, tuandike viuatilifu hivi, si viuatilifu hizi kama tuonavyo katika matangazo mengi.