Viatu vya Kabumbu vya Bei Kali: Vinastahili Feza Ile?



Tangu kufunguliwa kwa masomo, ubishi mmoja hauishi katika internati. Unaanza wakati wa kula, na unaendelea hata kiisha taa kuzimwa. Ubishi wenyewe ni huu: viatu vya kabumbu vya bei ya juu kabisa, vile wanavyovaa wachezaji wakubwa wa Ulaya, vinamsaidia mtu kucheza vizuri zaidi, ao ni kutupa feza bure? Wengine wanasema sherti tununue, hata kama ni kwa kapiteni peke yake. Wengine wanacheka na kusema babu zetu walicheza na miguu mitupu na goli ziliingia.

Sisi wa komite ya gazeti tuliombwa kueleza jambo hili, kwa maana feza ya michezo, ile iliyotoka katika mboga za shamba letu, inangoja kutumiwa. Tulikaa na mwalimu wa michezo, tukaongea na kordonye wa sokoni, tukashika viatu vya wenzetu na kuvipindisha. Haya ndiyo tuliyoyapata.

1. JAMBO LILILOMPATA MWENZETU

Kwanza tueleze habari ya ndugu mmoja wa darasa la tano. Jina lake tunaliacha, lakini yeye mwenyewe alituruhusu kuandika. Wazazi walimpa feza ya masomo ya miezi mitatu. Akapita mjini, akaona katika duka viatu vyenye rangi ya moto na jina kubwa. Mwuzishaji akamwambia ni vile vile vya wachezaji wa televizyo. Ndugu yetu akatoa feza yote.

Viatu vile vilikuwa na krampo sita za chuma, ndefu, zenye kufungwa kwa kuzungushwa. Ilikuwa kiangazi, na ninyi wote munajua uwanja wetu wakati wa kiangazi: udongo mwekundu, mgumu sawa simenti. Krampo hazikuingia hata kidogo katika udongo. Alisimama juu yao sawa mtu mwenye kusimama juu ya misumari. Kiisha mchezo mmoja, kucha ya kidole gumba ilikuwa nyeusi na nyayo zilivimba. Siku ya kulipa ilipofika, alirudishwa nyumbani. Alikosa masomo majuma mawili, mpaka mjomba wake alipomsaidia.

Tulipomuliza anafikiri nini sasa, akajibu: «Miye nilinunua jina. Kiatu nilisahau kukiangalia.»

2. BEI ILE INALIPA NINI?

Tusiseme haraka ya kama viatu vya bei kali ni udanganyifu. Viko na mambo ya kweli ndani yao.

Makampuni makubwa yanatengeneza kiatu kimoja katika ngazi tatu ao ine. Rangi ni karibu moja, jina ni moja, lakini ndani ni mbalimbali. Kwa Nike, kwa mfano, ngazi ya juu inaitwa Elite, kiisha Pro, kiisha Academy, na ya chini Club. Huko Ulaya na Marekani ngazi ya juu inapita dola 250 kwa viatu viwili. Ngazi ya chini ni karibu dola 50 ao 60. Basi kwa bei ya kimoja cha juu, mtu anaweza kununua vine ao vitano vya chini.

Tofauti ya kwanza ni uzito. Kiatu cha ngazi ya juu ni chepesi sana. Mwaka wa 2010 Adidas walitoa F50 adizero yenye gramu 165 tu, hali kiatu cha kawaida kinaweza kupita gramu 250. Watu wa sayansi walipima wakimbiaji, wakaona ya kama ukiongeza gramu 100 kwa kila kiatu, mtu anatumia nguvu zaidi karibu 1 juu ya 100. Ni kidogo, lakini kwa mtu mwenye kukimbia dakika 90 kila juma na kulipwa kwa ajili ya mbio yake, kidogo hiki kina maana.

Tofauti ya pili ni ngozi ya juu. Ya bei kali ni nyembamba na laini, inashika mguu sawa soksi, na mchezaji anasikia mpira vizuri. Kwa miaka mingi walitumia ngozi ya kangaruu, mnyama wa Australia, kwa sababu ni nyembamba lakini ina nguvu. Ya bei ndogo ni plastiki nene zaidi, na siku za kwanza inauma kidogo.

Tofauti ya tatu ni chini ya kiatu: ya bei kali ni nyepesi na inasukuma mguu vizuri wakati wa kuanza mbio.

Lakini angalieni neno ambalo hatukuandika. Hatukuandika ya kama kiatu cha bei kali kinadumu zaidi. Wengi wanafikiri hivyo, kwa sababu suruali ya bei kali inadumu, na baiskeli ya bei kali inadumu. Kwa kiatu cha kabumbu si hivyo. Wepesi unatoka katika kupunguza: wanapunguza unene wa ngozi, wanapunguza uzito wa chini. Kitu chembamba kinapasuka mbele ya kitu kinene. Mchezaji mkubwa wa Ulaya hana shida: kampuni inampa viatu vipya, tena inamlipa kuvivaa. Sisi kikipasuka, ni paka kordonye.

Tena katika bei ile munalipa pia matangazo. Katika Kombe la Dunia la Mexico, mwaka wa 1970, Pelé aliinama kufunga kamba za viatu mbele ya mchezo kuanza, na kamera zikaonyesha viatu vyake dunia nzima. Vilikuwa vya Puma, na Puma walikuwa wamemlipa. Feza ya namna hiyo inatoka wapi? Inatoka kwa wanunuzi.

3. SIKU AMBAYO KIATU KILISAIDIA KWELI

Wapenda viatu vya bei kali wanatukumbusha Bern, katika Uswisi, tarehe 4 Julai 1954. Siku ile Ujerumani ya Magharibi ilicheza na Hungaria fainali ya Kombe la Dunia. Majuma mawili mbele, Hungaria ilikuwa imewapiga goli 8 kwa 3. Na siku ya fainali ilianza tena kuwashinda 2 kwa 0.

Lakini mvua ilikuwa inanyesha na uwanja ulilowana. Adi Dassler, mwenye kampuni ya Adidas, alikuwa pamoja na ekipi ya Ujerumani. Alikuwa ametengeneza viatu vyenye krampo za kutoa na kurudisha. Kwa sababu ya matope, Wajerumani walivaa krampo ndefu, nao waliweza kusimama imara na kugeuka. Walishinda 3 kwa 2.

Habari hii ni ya kweli, na sisi hatuikatai. Lakini tuisome vizuri. Kiatu kiliwasaidia Wajerumani kwa sababu kilipatana na udongo wa siku ile. Kama jua lingewaka, krampo zile ndefu zingebaki katika sanduku. Mwenzetu wa darasa la tano alivaa krampo za Bern katika uwanja wetu wa mwezi wa saba!

Na wale wenye kusema mguu mtupu unatosha, nao tuwakumbushe Michezo ya Olimpiki ya London, 1948. Wachezaji wengi wa India walicheza na Ufaransa bila viatu. Walicheza vizuri, lakini walikosa penalti mbili na wakashindwa 2 kwa 1. Hatusemi ni juu ya miguu mitupu. Lakini leo Sheria ya 4 ya kabumbu inaagiza kila mchezaji avae viatu, basi ubishi huo umekwisha. Sheria haiulizi bei yake.

4. UDONGO WETU UNATAKA NINI?

Sasa tunafika kwenye mzizi wa jambo. Mbele ya kuangalia jina, geuzeni kiatu, muangalie chini. Mara nyingi kuna herufi mbili karibu na bei ao ndani ya ulimi wa kiatu.

SG ni kwa uwanja wa majani wenye kulowana. Krampo ni ndefu, mara nyingi za chuma. Kwetu hapa, hapana.

FG ni kwa majani makavu ya asili. Krampo ni fupi kuliko za SG na zimeshikamana na kiatu. Zinaweza kusaidia wakati wa mvua, udongo ukiwa laini.

AG ni kwa majani ya plastiki. Krampo ni nyingi na fupi.

MG ni kwa viwanja vya namna nyingi.

TF haina krampo ndefu: ni vichwa vidogo vingi vya mpira. Inafaa sana uwanja mgumu, kwa kuwa uzito wa mwili unagawanyika chini ya mguu wote.

Basi, kwa uwanja wetu, TF ni nzuri wakati wa kiangazi, na MG ao FG yenye krampo fupi wakati wa mvua. Na hapa kuna jambo la kushangaza kidogo: herufi MG zinapatikana mara nyingi kwenye viatu vya ngazi za chini, na ngozi yao nene inavumilia mchanga na mawe madogo. Kiatu cha dola 250 kilitengenezwa kwa ajili ya majani yenye kukatwa na kumwagiwa maji kila siku. Udongo wetu unakula ngozi ile nyembamba sawa msasa. Ni kusema, hapa kwetu cha bei ndogo kinaweza kuwa cha kufaa zaidi, si juu ya umaskini wetu, lakini juu ya kiwanja.

5. MGUU WAKO UNATAKA NINI?

Munamkumbuka Daudi katika 1 Samweli 17. Mfalme Sauli alimvika silaha zake mwenyewe, na hakika zilikuwa silaha za bei kali kuliko zote za inchi. Daudi akajaribu kutembea, akaona haziwezi kumfaa, akazivua. Hakuzizarau, lakini alikuwa hajazizoea.

Kiatu chenye kukaa vibaya hakisaidii, hata kama ni cha bei gani. Pimeni viatu saa za mangaribi, kwa maana mguu unavimba kidogo mchana. Vaeni soksi ile ile ya kuchezea. Pimeni miguu yote miwili, kwa sababu watu wengi wako na mguu mmoja mkubwa. Mbele ya kidole kirefu kubaki nafasi kama unene wa penseli, si zaidi. Kisigino kisipande mukitembea. Kama kiatu kinauma katika duka, musisikie mwuzishaji akisema kitapanuka.

Wenye kununua viatu vya Ulaya vilivyokwisha kuvaliwa, pindisheni kiatu na kuangalia kama gundi inaachana. Angalieni krampo kama zimekwisha upande mmoja: kiatu kile kitavuta mguu wako sawa na mguu wa mwenye kukivaa kwanza.

6. HESABU YETU

Katika Luka 14, Bwana Yesu anasema juu ya mtu mwenye kutaka kujenga mnara, namna inavyompasa kuketi kwanza na kuhesabu gharama. Sisi nasi tuliketi.

Tuseme ya kama sanduku la michezo lina dola 280. Kwa feza hiyo tunaweza kumvika kapiteni viatu vya ngazi ya juu, na wengine kumi wataendelea kuazimana, huyu akitoka anamvulia mwenzake aingie, namba 43 juu ya mguu wa 40. Ao tunaweza kununua viatu vitano vya dola 50, na dola 30 inabaki kwa kordonye, ashone viatu pande zote kwa uzi wa nailoni mbele ya gundi kuachana. Ni wachezaji watano watakaoacha kuteleza na kuumia, pahali pa mmoja mwenye kusikia mpira vizuri kidogo.

Kapiteni wetu alikuwa pale. Ni yeye aliyesema kwanza: «Tuanze na wale wanaocheza na vidonda.» Mwalimu wa michezo alikubali, na sisi tunaona ni haki.

Je, ni vibaya basi kununua cha bei kali? Apana. Kwa mtu mwenye kucheza kila siku juu ya majani mazuri, mwenye kulipwa kwa mchezo wake, na ambaye feza ile haimnyimi chakula wala masomo, tofauti ndogo inastahili. Kama siku moja mmoja wetu atafika pale, anunue kwa moyo mweupe, ao zaidi angoje kampuni impe. Lakini kwa mwanafunzi, feza ya masomo isigeuke kuwa krampo.

Na viatu mutakavyopata, muvitunze. Kiisha mchezo, toeni udongo kwa brosi na kitambaa chenye maji kidogo. Musivianike karibu na moto ao juu ya bati lenye jua kali, kwa maana gundi inayeyuka na ngozi inapasuka. Viwekeni katika kivuli, mukiwa mumejaza karatasi ndani ili inywe maji. Gazeti hili pia linaweza kufanya kazi hiyo, lakini tunawaomba mulisome kwanza.

Komite ya gazeti